Msitu wa Rondo hauliwi na mkaa peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila habari ya misitu inapotoka gazetini, picha ni ileile: magunia ya mkaa yamepangwa kando ya barabara. Mkaa una hatia, sikatai. Lakini sisi tunaoishi huku juu Rondo, mkoani Lindi, tunajua kuna mkosaji asiyepigwa picha, kwa sababu ndiye anayetulisha: ufuta.

Mimi mwenyewe ni mkulima wa ufuta na nimefyeka pori. Ukilichoma kabla ya mvua, mwaka wa kwanza magugu hayakusumbui, na majivu ni mbolea tosha. Mwaka wa pili palizi inakuzidi nguvu. Wa tatu ufuta umesinyaa, maana udongo wetu ni wa kichanga, unachoka upesi. Basi mtu anahamia pori jingine. Bei ikipanda mnadani, msimu unaofuata moshi unatanda kila upande.

Mwaka jana nilipita shamba la jirani siku ya nne baada ya moto. Gogo la mvule ambalo watu wawili tusingelimaliza kulikumbatia lilikuwa bado linafuka kwa ndani. Halikutoa hata ubao mmoja. Mti uliowazidi umri babu zetu uligeuka hewa ukaa na majivu, kwa ajili ya ufuta wa misimu mitatu!

Na huu ni msitu wa pwani, wa aina iliyobaki vipande vipande tu. Humu yumo komba wa Rondo, mnyama wa gramu 60 hivi, ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Ukimwondolea miti iliyosongamana hana pa kwenda. Mvua nayo ikipiga mlima ulio uchi, inaubeba udongo hadi bonde la Lukuledi. Kisima cha kitongoji chetu kilikuwa kinatufikisha Oktoba. Sasa Agosti tu akina mama wanachota tope.

Serikali ilikadiria kuwa kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza zaidi ya hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Wezi wa magogo wamo, ila wengi ni watu kama mimi, wenye panga na kiberiti.

Faini peke yake haitatuzuia, njaa ina nguvu kuliko faini. Tunaomba AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinazokusanya ufuta wetu na maofisa ugani watufundishe kubaki kwenye shamba moja, tukipokezanisha ufuta na mbaazi au kunde. Halmashauri nazo zitusaidie kupima misitu ya vijiji. Wenzetu wa Nanjirinji, Kilwa, wanavuna miti ya msitu wao kwa mpango, na fedha hizo zimejenga madarasa. Sisi mbao tunazichoma.

Huku tunaanza kufyeka Septemba. Bwana shamba akifika Novemba, atakuta majivu.

Mkulima,
Rondo, Lindi