Baba, Jibu la Swali Lako la Juzi

Bolzano, Italia

Baba, shikamoo.

Sisi huku hatujambo, ila baridi ndiyo haijatuzoea. Juzi nilikusimulia habari za Ötzi, maiti ya miaka 5300 niliyoiona makumbusho, ukacheka: "Nani alikuwepo akahesabu?" Simu ikakatika kabla sijajibu.

Mwaka 1991 mtu na mkewe, Wajerumani, walimkuta kwenye barafu mpakani mwa Italia na Austria, mlimani juu ya mita 3200. Wakadhani ni mpanda mlima aliyefia huko miaka ya karibuni. Shoka lake la shaba ndilo lililowashtua wataalamu, wakapima kaboni. Chochote kilicho hai huingiza mwilini kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi; kikifa, haiingii tena, na iliyomo hupungua kwa mwendo uleule, nusu kila miaka 5730 hivi. Yake ilibaki zaidi kidogo ya nusu. Hiyo ndiyo saa yao, Baba. Shahidi wa nini tena?

Ila mimi umri haukuniumiza kichwa. Kwa miaka 10 ilisemwa kwamba baridi ndiyo iliyomuua, au kwamba alianguka. Eksirei za mwanzo zilipigwa, zikatazamwa, zikawekwa. Mwaka 2001 wakapiga tena, na safari hii daktari akaona kitu kidogo begani kushoto: kichwa cha mshale, cha jiwe la gumegume. Alipigwa kwa nyuma! Baadaye wakagundua kuwa mshale ule ulikata mshipa mkubwa wa damu.

Utumboni walikuta nyama ya mbuzi mwitu na chavua ya mti unaochanua baridi inapoisha, kwa hiyo hata majira ya kifo chake yanajulikana. Kiganja cha kulia kina jeraha la kisu lililokwisha anza kupona. Maana yake ugomvi ulianza siku kadhaa kabla. Na shoka, mali ya thamani enzi hizo, liliachwa palepale. Mwizi angeliacha?

Anatazamwa kupitia kidirisha, chumbani kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri. Ngozi ni ya kahawia, inang'aa kwa barafu. Mkono wa kushoto umekatiza chini ya kidevu. Nilisimama hapo mpaka walio nyuma yangu wakaanza kukohoa.

Nisalimie Mama. Nikipiga Jumapili, uniambie wewe unamshuku nani.

Mwanao.