Barua kwa mwanangu kuhusu mwaka wa tano

Mwanangu mpenzi,

Baba yako na wadogo zako wanakusalimu, nasi sote hatujambo. Tangu uliponiambia kwamba kocha anasubiri jibu lako kuhusu kuchezea chuo futiboli ya Marekani mwaka wa tano, nimekuwa nikiliwaza jambo hilo hata nikiwa kazini, nami nimeona heri nikuandikie, maana kwenye simu hujibu "niko sawa, mama" na mazungumzo yakaishia hapo.

Nikiri kwamba ulipopangwa kikosini mara ya kwanza sikuelewa kitu. Mtu aliyekulia Tanga akiitazama Coastal Union huufuata mpira kwa macho, nami niliufuata, nikashangaa kuona kwamba mwanangu haugusi kabisa. Ni baba yako aliyeniambia niachane na mpira, niitazame namba 72 tu. Ndipo nilipowaona mmeinama watano mstarini, senta, yule anayeuanzisha mpira, katikati na wewe mwisho wa kushoto, upande ambao kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, huupa mgongo akirusha kwa mkono wa kulia, nikatambua kwamba kazi yako ni kumzuia jitu la watu kwa sekunde tatu hivi ili mwingine apigiwe makofi. Siku ile namba yako ilitangazwa uwanjani mara moja tu, nayo ilikuwa kwa kosa la kumshika mpinzani, tukarudishwa nyuma yadi 10. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Wewe hukugeuka hata kulitazama jukwaa.

Sitaki uuone mwaka wa ziada kuwa ni kuchelewa. Mwaka wako wa kwanza ulicheza mechi tatu, ndani ya zile nne ambazo kanuni ya 2018 iliruhusu zichezwe bila mwaka huo kuhesabiwa katika minne ya mchezaji, na ndio uliokuwekea akiba hii. Yule senta Olusegun Oluwatimi alikuwa ameshapitia vyuo viwili kabla ya kuhamia Michigan akiwa na shahada yake mkononi, na hapo ndipo alipotwaa tuzo ya Outland ya 2022, ile ya mchezaji bora wa mstarini vyuoni, kisha timu ya kulipwa ya Seattle ikamchagua katika raundi ya tano. Lakini wewe pia unajua kwamba wanaofika ligi ya kulipwa hawafiki wawili katika kila mia.

Linaloninyima usingizi ni mwili wako. Uliondoka nyumbani na kilo 108, leo una 139, na kilo hizo hazikuletwa na hamu ya chakula. Krismasi iliyopita nilikukuta jikoni saa nane usiku, umesimama gizani, unakula pilau baridi sufuriani huku macho yamefumba, kwa sababu mizani ya timu ilikuwa ikikusubiri. Sikusema neno, nilirudi kitandani nikalia. Joe Thomas, mtu wa mstarini kama wewe, aliyetoka chuo cha Wisconsin akacheza misimu 11 katika timu ya kulipwa ya Cleveland, alipostaafu alipunguza zaidi ya kilo 20, kwa hiyo najua zinaweza kuondoka. Kichwa ndicho kisichopimwa kwa mizani. Watafiti wa Boston University, waliochunguza ubongo wa wachezaji waliofariki, wameeleza kwamba hatari haiko katika mtikisiko mmoja mkubwa pekee, bali pia katika mrundikano wa vishindo vidogo vidogo, na ninyi wa mstarini mnagongana karibu kila mpira unapoanzishwa. Mwezi wa kumi ulikuwa na maumivu ya kichwa siku nne. Nimeyasikia kwa mdogo wako, si kwako.

Basi ridhaa yangu unayo, ila kwa masharti mawili. Utaanza shahada ya pili mwaka huohuo, maadamu ufadhili wa timu unailipia, na hutanipa habari za kukatisha masomo msimu ukiisha. Pili, kabla hujamjibu kocha, utamwona daktari asiyelipwa na timu, umweleze zile siku nne zote bila kupunguza hata moja.

Tutakuja mechi ya mwisho ya nyumbani, Mungu akipenda. Pilau nitaileta, lakini utaila mchana, umekaa.

Mama yako