Mimi nauza manjano, ila hayo mliyoandika yamezidi

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme kidogo kuhusu ile makala yenu ya afya juu ya faida za manjano, ile yenye orodha ndefu, sukari, presha, saratani, vidonda vya tumbo, ganzi, nguvu za kiume, kupunguza kitambi na mwisho kabisa mkamalizia na "kusafisha damu". Mimi nina meza ya viungo hapa Tanga, soko la Ngamiani, nauza iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, bizari nyembamba na hayo manjano yenyewe, ya unga na ya vipande. Kwahiyo makala kama ile ikitoka wa kwanza kunufaika ni mimi, watu walikuja na gazeti mkononi, wengine wamepiga picha kwa simu wananionyesha, unga ukaisha kabla ya adhuhuri. Sasa muuzaji akikwambia umeyapamba mno ujue kweli umeyapamba.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi, mtu mzima, kila mwezi ananunua viungo vya pilau. Safari hii kataka manjano kilo nzima. Nikamuuliza mama kuna shughuli nini, harusi? Akasema hapana mwanangu, vidonge vya sukari naviacha, gazeti limesema kijiko asubuhi kijiko jioni. Nikamwambia mama shikamoo kwanza, manjano nakuuzia lakini vidonge usiviache, nenda kliniki ukawaulize wenyewe, akanikasirikia kweli akasema "we unauza au huuzi?" Nikampimia robo akaondoka hajanipa hata kwaheri. Mdogo wangu anafanya kazi duka la dawa, nilipomsimulia akasema watu kama huyo wanaomfuata yeye ni wengi tu, anawaona wakirudi sukari ishapanda.

Jamani sisemi manjano hayana faida. Yanazo, na zinajulikana, shida ni kwamba hakuna anayetaja kiasi kilichotumika kwenye majaribio. Kinachosifiwa ndani ya manjano ni kitu kinaitwa kurkumini, ndio hicho kinachotoa rangi, na kwenye unga wa kawaida kipo kama asilimia 3 hivi, unga mwingine mpaka 5, mwingine haufiki hata 3. Kijiko cha chai ni kama gramu 3 za unga. Pigeni hesabu wenyewe, kijiko kizima cha unga wa asilimia 3 kina kurkumini chini ya miligramu 100. Sasa nendeni mkaangalie majaribio ambayo kila mtu anayataja bila kuyasoma. Thailand waliwapa wagonjwa wa magoti, wale wa kusagika, 367 kwa jumla, nusu wakapewa dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye manjano miligramu 1500 kwa siku na nusu wakapewa ibuprofen, dawa ya maumivu, miligramu 1200, baada ya wiki 4 maumivu yalikuwa yamepungua karibu sawa pande zote, na waliopewa manjano walilalamika tumbo kidogo kuliko wenzao. Hiyo ilitoka 2014. Mwaka 2023 hukohuko Thailand wakatoa nyingine ya watu 206 wenye tumbo kujaa na kiungulia, kurkumini gramu 2 kwa siku ikalinganishwa na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, matokeo yakakaribiana. Ni habari nzuri sana na mimi nilifurahi, lakini gramu 2 za kurkumini kwa unga wangu wa mezani ni zaidi ya vijiko 20 kwa siku, kila siku, mwezi mzima. Nani anakula hivyo? Hata mchuzi wenyewe utakuwa mchungu kama shubiri.

Halafu hata ukila, mengi yanapita tu. Kurkumini haipendi maji, haiyeyuki, tumbo linachukua kidogo na ini linakitoa hicho kidogo harakaharaka. Mwaka 1998 watafiti wa India kule Bangalore waliwapa watu kurkumini gramu 2 tupu, kwenye damu haikuonekana au ilionekana kiduchu, wakaongeza miligramu 20 tu za piperine, yaani ile inayowasha kwenye pilipili manga, ikaonekana mara 20 zaidi. Ndio maana nawaambia wateja wangu wasinywe manjano na maji ya moto peke yake wakakunja uso asubuhi, watie kwenye chakula chenye mafuta na pilipili manga, mchuzi wa nazi wa samaki, maharage ya nazi, wali wa manjano, maziwa ya moto yenye malai. Bibi zetu huku pwani hawakusoma hiyo ya Bangalore lakini chungu chao kilikuwa na vyote vitatu.

Kuhusu saratani nawaomba sana sana mhariri mpunguze. Ni kweli kurkumini ukiiweka kwenye kichupa cha maabara pamoja na seli za saratani zinakufa, na watu wanaishia hapo wanashangilia. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani walipitia tafiti zote hizo wakaeleza kwanini zinadanganya, kurkumini yenyewe inang'aa ikipigwa mwanga fulani na inashikana hovyo na vitu vingi, kwahiyo vipimo vya maabara vinasoma kwamba imefanya kazi kumbe haijafanya. Walisema majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu yameshafanyika na hawakuona hata moja lililofaulu kati ya yale yanayolinganisha na kidonge kisicho na dawa ndani, mgonjwa wala daktari asijue nani kapewa kipi. Wapo waliowabishia, sawa, lakini mtu mwenye uvimbe kwenye titi akisoma makala yenu akakaa nyumbani miezi sita anakunywa manjano na asali, huo uvimbe haumsubiri.

Kwenye ngozi na vidonda naona bora zaidi, na hapa nawaunga mkono. Kusinga kwa liwa na manjano mabinti wa pwani wamefanya tangu zamani kabla ya harusi, na Wahindi wanapaka kidonda manjano miaka na miaka. Kuna kisa nakipenda sana, mwaka 1995 Marekani walitoa hataza, yaani hakimiliki ya ugunduzi, kwa watu wa chuo kimoja cha tiba kule Mississippi kwamba wao ndio wamegundua unga wa manjano unaponya vidonda! India wakaenda na maandiko yao ya Kisanskriti na jarida la madaktari wao la 1953 wakasema hiki mnachoita ugunduzi bibi zetu wanakijua, na mwaka 1997 ile hataza ikafutwa. Sasa ndugu zangu hiyo haina maana umwage unga wa sokoni kwenye kidonda kibichi cha mgonjwa wa sukari, unga wangu umekaa kwenye kiroba wazi, vumbi la barabarani linaingia, nzi nao hawakosi, nawaambia ukweli.

Sasa kapsuli. Hizi siku hizi zinauzwa kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko hata manjano yenyewe, chupa ina picha ya kizizi na maandishi ya dhahabu na klipu ya mtu anayerukaruka eti alikuwa hatembei. Unga wa kwenye chakula haujasumbua watu, lakini kapsuli imekamuliwa ikakolezwa na mara nyingi imechanganywa na piperine makusudi iingie zaidi, na ikiingia zaidi ndipo inapoleta kesi. Italia kati ya 2018 na 2019 walipata watu kadhaa walioumwa ini baada ya kutumia vidonge vya manjano, serikali yao ikaamuru onyo kwenye maboksi. Marekani nao madaktari wa ini wameandika kesi kama hizo. Ni wachache ukilinganisha na wanaotumia lakini wapo, na ini likiharibika halibembelezwi. Halafu ile piperine haichagui, inayofungulia manjano mlango ndiyo inayofungulia na dawa nyingine, dawa ya kifafa kwa mfano, phenytoin, inapanda kwenye damu kuliko alivyopanga daktari. Na wale wanaotumia warfarin ya kuzuia damu kuganda wasiguse kapsuli hizi bila kumwambia daktari. Wenye mawe kwenye nyongo vilevile, maana manjano yanaibana nyongo ikakamua. Mjamzito ale mchuzi wake kama kawaida, kapsuli aache. Haya yote mngeyaweka hata kwa mistari mitatu mwisho wa makala yangetosha.

Lakini kuna jambo kubwa ambalo kwenye makala yenu halimo kabisa, na mimi kama muuzaji ndio linaninyima usingizi kuliko hizo habari za kapsuli. Unga wenyewe ni unga wa nini? Manjano yakichimbwa yanachemshwa karibu saa nzima mpaka yalainike, halafu yanaanikwa juani wiki mbili hivi, yanasuguliwa maganda ndio yanasagwa. Mvua ikiyakuta kwenye majamvi yanafifia yanakuwa kama udongo na mnunuzi hayataki. Bangladesh miaka ya 1980 yalipoloana kwa mafuriko watu wakagundua ujanja wa kuyapaka rangi ya njano inayotumika kwenye mbao na plastiki, ambayo ni kromati ya risasi. Risasi, yale madini mazito ya sumu. Ikawa biashara ya kawaida mpaka watafiti wa chuo kikuu cha Stanford cha Marekani na wenzao wa Dhaka walipotoa matokeo mwaka 2019, na kwenye masoko yao karibu nusu ya sampuli zilikuwa nayo, asilimia 47. Risasi kwa mtoto inakula ubongo na hakuna kiwango kidogo kinachosemwa ni salama. Sifa moja niwape wale Wabangladesh, serikali ilishuka sokoni, ikapima hadharani na kupiga faini, na kufika 2021 sampuli zikawa hazina kitu.

Hapa kwetu manjano mengi tunalima wenyewe, Muheza huko juu Amani, Morogoro milimani, Unguja na Pemba, Kigoma, na mimi nachukua ya Muheza. Ila ya nje pia yanaingia, unga uliokwisha sagwa, wa njano kali mpaka unaumiza macho, bei chini kuliko gharama ya kusaga tu. Mimi sina kipimo siwezi kusema una nini. Ninachokijua kwa macho yangu ni ule wa kuchanganywa unga wa mahindi au wa muhogo, huo upo na unautambua, ukiutia kwenye maji ya moto unakuwa uji. Ningependa gazeti lenu liende likawaulize TBS, watu wa viwango, na wenzao wa ZFDA, wa chakula na dawa kule Zanzibar, wanapima manjano sokoni mara ngapi na wanapima nini, na majibu myachape kwa ukubwa uleule mlioupa orodha ya magonjwa.

Wateja wananiuliza basi tununue yapi. Mimi huwaambia wachukue ya vipande, hata kama yanachosha. Kivunje, ndani kiwe rangi ya chungwa iliyokolea mpaka katikati, kigumu kinalia kikivunjika, na harufu yake ni ya udongo na tangawizi kwa mbali maana ni ndugu moja na tangawizi. Kikiwa cha njano sana nje na ndani kimepauka, na ukikisugua kinakuachia poda vidoleni, kirudishe. Osha, anika, peleka kwenye mashine au twanga kwenye kinu, weka kwenye chombo chenye kifuniko mbali na jua kwa sababu jua linaipausha rangi yake, ndio maana hata kanga ikidondokewa mchuzi wa manjano unaifua, ukipaka sabuni doa linageuka jekundu mtu anashtuka, suuza linarudi njano, halafu ukiianika juani siku mbili tatu doa linaondoka lenyewe. Tumia kijiko kimoja kwenye chungu cha familia. Hicho ndicho kiasi ambacho watu wamekula miaka yote bila kuugua.

Na yule mama wa kilo moja, kama anasoma gazeti hili, mama yangu nisamehe kwa kukupimia robo, njoo uchukue viungo vya pilau vya mwezi huu, na ukija njoo na lile daftari la kliniki nione sukari ilisomaje mara ya mwisho.

Msomaji wenu,
muuza viungo, Ngamiani, Tanga