Shangazi, nichomwe mlango wa kizazi sasa au nitafute mtoto kwanza?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 29, na ndoa yangu imefikisha miaka mitatu na ushee. Mtoto hatujapata. Alhamisi ijayo natakiwa hospitali nikatoe jibu kama nachomwa mlango wa kizazi au sichomwi, na mpaka naandika hapa jibu sina.

Ilianza na damu. Sio hedhi, ni matone baada ya tendo la ndoa, siku nyingine kidogo tu, siku nyingine ya kuchafua shuka. Tena nilikuwa natokwa na ute mwingi usio na harufu wala muwasho, nikawa mtu wa kuvaa pedi mwezi mzima. Nikaenda zahanati moja ya binafsi. Wakanichungulia, wakasema, "Dada, una kidonda." Nikapewa antibiotiki za siku saba. Niliporudi nikapewa nyingine. Mara ya tatu wakaongeza na sindano, kisha wakaniambia kidonda kimeshakuwa sugu, kichomwe kwa shilingi 180,000, la sivyo mtoto nisahau. Safari zote hizo hawakuwahi kunichukua kipimo hata kimoja cha kujua hao wadudu wanaowaua ni wadudu gani.

Nilirudi nyumbani nalia juu ya bodaboda.

Kosa langu nikamsimulia mama mkwe. Kesho yake tu akaja na mwanamke anayeuza dawa za kusafisha kizazi, vifuko vidogo vya kitambaa vyenye uzi, unaweka ukeni unakaa navyo siku tatu. Shilingi 85,000. Siku ya nne vikaanza kutoka vipande vyeupe kama utando wa maziwa yaliyochemka. Muuzaji akafurahi kweli: "Unaona uchafu wa miaka yote unavyotoka!" Shangazi, niliwaka moto wiki nzima, hata kwenye cherehani nilikuwa nakalia upande. Baadaye nesi aliniambia ule haukuwa uchafu, ilikuwa ngozi yangu mwenyewe imebabuka.

Nesi huyo nilimkuta hospitali ya serikali, kwenye chumba cha uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Jirani yangu ndiye aliyenisukuma niende. Nesi alipaka siki nyepesi, akasubiri dakika moja aone kama kuna sehemu itageuka nyeupe, maana weupe ule ndio unaowatia wasiwasi. Haikugeuka. Vipimo vya VVU na vya magonjwa ya zinaa navyo vikatoka salama. Ndipo nikaingia kwa daktari, mama wa makamo, akaniuliza nafanya kazi gani.

"Basi utanielewa haraka," akasema. "Gauni lenye bitana, bitana likitokeza nje ya pindo, utasema gauni limechanika?" Akaeleza kwamba njia ya mlango wa kizazi kwa ndani ina ngozi laini, nyekundu, inayotoa ute, na kwangu ngozi hiyo imejitokeza nje kidogo. Ni nyembamba, ndiyo maana ikiguswa inavuja damu. Sio kidonda, sio saratani, na antibiotiki haziwezi kuirudisha ndani. Huletwa na homoni ya estrojeni, kwa hiyo huonekana sana kwa wasichana, kwa wanaotumia vidonge vya majira (mimi nilivimeza miaka miwili, nikaacha Februari mwaka jana) na kwa wajawazito. "Sasa kama inazuia mimba," akaniuliza, "hao wajawazito waliipataje?"

Nilicheka, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze.

Akasema kama damu hainisumbui niiache, mara nyingi hurudi yenyewe. Kama inanisumbua, anaweza kuichoma au kuigandisha kwa baridi, kazi ya dakika chache. Baada ya hapo nitatokwa na majimaji wiki kadhaa, na tendo la ndoa nipumzike kama wiki nne. Nilipombana sana akakiri kwamba kwa nadra kovu linaweza kubana njia ya mlango. Hapo ndipo usingizi wangu ulipoishia.

Maana damu inanisumbua. Mume wangu ni dereva wa lori, Dar mpaka Lubumbashi, na safari iliyopita aliona shuka akauliza, "Hii damu mbona kila nikirudi mimi?" Nilimweleza, akanyamaza. Kunyamaza kwake nakujua.

Daktari aliuliza pia huyo mume anakaa nyumbani siku ngapi kwa mwezi. Nikahesabu kwa vidole. Tangu Machi, siku zangu za hatari (tunaziita hatari, kwangu mimi ndizo siku za heri) zimemkuta nyumbani mara tatu tu. Miezi mingine zinapita yeye yuko Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Daktari akasema kabla ya kuulaumu mlango wangu, mume akapime mbegu, na mimi nipigwe picha ya mirija. Nilipomwambia kwenye simu alijibu, "Mimi ni mzima, mwenye kidonda si wewe?"

Sasa Shangazi, anarudi tarehe 14 na atakaa siku tisa. Kwa kalenda yangu, siku za heri zinaangukia humohumo. Nikichomwa Alhamisi, siku hizo tisa zote zinaniponyoka, na yeye atajua namkwepa. Nisipochomwa, damu itaonekana tena.

Wewe ungeanza na lipi? Na huyu baba nimwambieje habari ya kupima mbegu asidhani nimemvua heshima? Nimewaza nimwombe tuende wote kwa daktari yule siku moja, aelezwe habari ya bitana kwa mdomo wa mtu mwingine, lakini naogopa akikataa mara moja hatarudi nyuma. Mama mkwe naye ameshawaambia mawifi kwamba kizazi changu kimeoza, na Jumapili tuna shughuli ya kwao. Nguo zao zote nashona mimi.

Nijibu mapema ukiweza.

Fundi Cherehani, Morogoro