Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu wanachama, kina baba na kina mama wa Langoni na Mkomani, na wenzetu mliokuja kutoka Shela na Matondoni: karibuni.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, kwa hiyo mimi sizigusi. Nitasema juu ya kazi, na kazi yetu ukiiandika haijazi ukurasa. Tumefagia, tumezibua mitaro wakati wa masika, tumepandisha maji ghorofani, tumeosha maiti na kuzika. Mwanachama mmoja aliniambia taarifa ya namna hii itatutia aibu mbele ya vyama vyenye picha za kukabidhi magodoro. Mimi aibu siioni.

Nianze na mazishi, maana ndiko tunakoitwa zaidi. Tangu 2001 mji wetu wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na vichochoro vyetu vinasifiwa kila pembe. Wanaovisifu hawajapata kupitisha jeneza humo. Penye kona, walio mbele huliinua juu ya vichwa huku wa nyuma wakienda ubavuubavu, migongo ikikwaruza ukuta, na punda aliyebeba mchanga akitokea upande wa pili msafara mzima unakwama. Ndiyo sababu mwaka huu tuliweka mtangulizi: kijana mmoja anayetembea mbele na kufungua njia. Anamrudisha punda, anasogeza mkokoteni, anaondoa ndoo iliyoachwa mlangoni. Jeneza lenyewe haligusi, na kila mtu anajua jinsi watu wanavyogombea kuligusa. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, la chini kabisa, lakini tawi. Vijana walinung'unika mwanzoni. Sasa wanapokezana bila kusukumwa.

Upande wa kina mama nina wasiwasi. Waoshaji wetu wa kike ni watu wazima, na magoti yao yameanza kukataa. Sanda ya mwanamke ni nguo tano na ya mwanamume tatu. Kukata na kupanga mtu hufundishika asubuhi moja. Kumimina maji taratibu, kumgeuza maiti bila shuka ya sitara kuteleza, kisha kutoka pale na kufunga mdomo juu ya ulichokiona, hayo hupatikana kwa kukaa karibu na anayejua. Mabinti wawili wameanza kukaa karibu. Nawaomba kina mama wengine mwalete wa kwenu.

Habari ya maji mnaijua. Mji huu unakunywa mvua inayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na anayejenga juu ya vilima vile anajenga juu ya kisima chetu. Hilo nitalisema kila mwaka mpaka nichokwe. Lakini bomba likikauka, taabu kubwa ni ya mzee anayeishi peke yake ghorofa ya pili. Ngazi za nyumba zetu za mawe ni nyembamba na zimesimama wima, na dumu la lita 20 halimpandii. Anayepeleka dumu asiliache mlangoni akaondoka. Amimine mtungini, aoshe kata, aulize kama kuna dawa ya kufuata dukani. Nimeona mengine yameachwa chini ya ngazi. Hayo sitayahesabu kuwa tumepeleka.

Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, wageni walijaa Langoni kama kawaida, na usiku matari yaliponyamaza ndipo mifagio yetu ilipoanza. Habib Swaleh, aliyeuasisi msikiti wa Riyadha, aliwasomesha watu ambao wakubwa wa zama zake hawakuona kama ni wa kusomeshwa. Nami kila nikishika ufagio humkumbuka yule mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Mtume. Alipofariki, watu waliona si jambo la kumsumbua nalo Mtume wakamzika. Mtume alipomkosa aliuliza, akataka aonyeshwe kaburi, akaenda akamsalia hapo.

Punda: wanachama wenye punda wamekubali kutowatwika wenye vidonda, na kuwapeleka kwenye kituo cha matibabu ya bure kilichopo mjini tangu 1987. Futari ya Ramadhani ilikwenda vizuri.

Sasa yale ya fulana na bango. Pendekezo ni tuchapishe fulana zenye jina la chama, na bango la kubeba tukienda kazini. Vijana wana hoja: mgeni aliyefiwa hajui amwite nani. Hoja hiyo naikubali, na dawa yake ni namba ya simu ya katibu kubandikwa misikitini na kwenye madrasa. Fulana nazipinga. Mtu aliyefiwa hataki kuona maandishi kifuani mwa anayemwogeshea mama yake. Tutapiga kura leo, nikishindwa nitaivaa.

La mwisho, mguu mmoja wa jeneza umeingia mchwa. Fundi ameshautazama, anasema ubadilishwe wote, na anataka mbambakofi. Mwenye kipande kilichobaki kwenye ujenzi amwone katibu kabla ya Ijumaa.