Barua ya wazi kwa vijana wa kazi za kijani, Nkuhungu, Dodoma

Mbukwenyi vijana wangu,

Tangazo lenu nimelisoma pale ofisi ya mtaa. Mnaanzisha mafunzo ya kazi za kijani: kufunga sola, kutengeneza mboji, kuotesha miche, kukusanya chupa za plastiki. Hongereni. Mmeniomba neno la kizee siku ya uzinduzi, lakini siku hiyo najua nitashikishwa mche nipigwe picha, na wazee wenye miche mikononi huwa hawasikilizwi. Heri niwaandikie sasa, kabla ratiba haijapangwa.

Nisemalo ni moja: wanaopanda na wanaofunga vitu Dodoma ni wengi. Wanaorudi kuvitunza ndio adimu, na hela iko kwa anayerudi.

Anzeni na miti. Tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ianze mwaka 2017, ni ofisi gani haijapanda? Na mvua zetu mnazijua. Zinaingia Desemba, zinakata Aprili, na mwaka mzima hazizidi sana milimita 600. Mche unaopandwa Januari mbele ya mgeni rasmi una miezi michache tu ya kushusha mizizi, kisha unakutana na kiangazi cha Mei hadi Novemba, mchwa chini na mbuzi juu. Ikifika Septemba kinachosimama ni kibao chenye jina la aliyepanda. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyelipwa kumwagilia.

Hapo ndipo mwingie ninyi. Watu wanajenga Ilazo, Iyumbu, Mtumba, na wengi wanashinda kazini kutwa. Msimuuzie mwenye nyumba mche akaondoka nao. Muuzieni mti uliokwisha kushika: mnapanda, mnazungushia miba au wavu, mnamwagilia kwa viangazi viwili, yeye analipa kila mwezi, na ukifa mnampandia mwingine kwa gharama yenu. Kijana aliyefundishwa hivyo anajifunza mambo ambayo darasani hayapo. Atajua kwamba udongo mweusi wa mbugani ukikauka unapasuka na kukata mizizi, kwamba maji ya kisima chenye chumvi yanaunguza miche mingi, kwamba matandazo ya nyasi yanaokoa maji lakini yakigusa shina yanamwita mchwa. Na atajua kumwambia mteja ukweli: anayetaka kivuli cha haraka apande mwarobaini, anayetaka mti wa wajukuu apande mkwaju.

Tena kuna miti isiyohitaji kupandwa. Wengi wenu mmezaliwa mjini, mkipita Veyula au Mkonze mnaona vichaka tu. Chini ya vile vichaka kuna mizizi hai ya migunga na mikungugu iliyokatwa miaka mingi. Njia ya kisiki hai imeshafundishwa vijiji vingi vya mkoa huu: unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unakata mengine, unapogolea matawi ya chini, unafunga kitambaa ili watu wajue huo una mwenyewe, kisha unaulinda. Mzizi umeshafika kwenye unyevu, kwa hiyo humwagilii kitu. Anayedhani ni hadithi aende Kondoa. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa makinga maji na upandaji miti, lakini kilichobadilisha sura ya ile milima iliyokuwa imemomonyoka ni kuondoa mifugo mwaka 1979. Ardhi ilipopumzika, majani na miti ikarudi yenyewe kwa wingi. Wafugaji waliumia, hilo nalo lisisahauliwe. Mlinzi wa miti asiyezungumza na mwenye mbuzi ataipoteza miti yake, kwa hiyo fundisheni na namna ya kukaa kikao.

Sasa sola. Najua ndiyo mnayoipenda, ina nyaya na ina hadhi. Jua tunalo la kumwaga. Lakini pandeni juu ya paa za mtaani mwenu mhesabu paneli zilizoacha kufanya kazi. Nyingi hazijafa. Moja imefunikwa vumbi la Julai hadi Septemba, nyingine kivuli cha tangi la maji kinaikalia tangu saa nane mchana, nyingine waya umelegea, na kwingi betri imekufa kwa sababu aliyefunga hakuuliza mama mwenye nyumba anataka kuwasha nini. Akauziwa mtambo wa taa tatu na simu, yeye akachomeka friji. Somo la kwanza liwe hesabu: kila kifaa kina wati ngapi, kinawaka saa ngapi, jumla yake kwa siku ni ngapi. Asiyeweza kumfanyia mteja hesabu hiyo kwenye karatasi asiguse bisibisi. Somo la pili liwe kusafisha paneli, asubuhi kabla kioo hakijapata moto, kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa laini. Inaonekana kazi ya kitoto. Mwenye hoteli au mwenye pampu ya kisima atakulipa kila mwezi kwa hiyo kazi ya kitoto.

Jambo moja silifanyii mzaha. Betri zenye madini ya risasi zilizokufa msizipasue, msiyeyushe risasi uani kwa mtu, hata kama mnunuzi wa skrepa anawapa bei nzuri. Ile sumu inaingia kwenye damu ya watoto na kuharibu akili zao, na haionekani kwa macho. Zihifadhiwe wima mahali pakavu, zichukuliwe na mwenye kibali cha taka hatarishi.

Kuhusu mboji nitasema kidogo. Mabaki ya soko la Majengo ni mali, na ukiyapanga vizuri na majani makavu, ukayageuza na kuyaweka na unyevunyevu, yanaiva ndani ya miezi michache. Ila msidanganyane kuhusu mteja. Mkulima wa zabibu wa Hombolo ana samadi jirani, ya bure au ya bei ya kutupwa. Mteja wenu ni mwenye kitalu na mwenye bustani mjini, anayetaka mfuko mdogo, uliochekechwa, usio na vipande vya nailoni. Kwa hiyo taka zitenganishwe nyumbani kabla hazijachanganyika. Hapo kazi yenu kubwa ni kuongea na akina mama wa mtaa, na mboji itafuata.

Mambo ya karatasi msiyadharau. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia mtaani na kumpa cheti, na kufunga umeme kwa malipo kunataka leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Fedha za halmashauri zipo: katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 ni za vijana, na hazina riba. Lakini ni mkopo. Tafuteni wateja watano wanaolipa kwanza, ndipo mkope kununua vifaa vya kuwahudumia.

Nimeona pia mmepanga darasa la miezi mitatu, asubuhi hadi jioni. Nani atalisoma? Anayeendesha bajaji ya mtu ana hesabu ya kupeleka kila jioni. Binti mwenye mtoto mchanga atamwacha wapi? Mtabaki na wale wenye kulishwa nyumbani, ambao cheti wakishakipata wanatafuta ofisi yenye kiyoyozi. Fundisheni nusu siku, mwanafunzi akiwa kwenye kazi ya mteja anayelipa, naye apate chake siku hiyo hiyo, hata kiwe kidogo.

Na ratiba isianze Januari. Januari kila mtu anapenda miti. Anzeni Agosti, jua likiwa kali na upepo unapuliza vumbi, ndipo mtawajua wa kubaki. Mkikubali, mimi nitachukua somo la kisiki hai kule Veyula bila malipo, mradi mje na panga lililonolewa na mwenyekiti wa mtaa awe amepewa taarifa. Msumeno wa kupogolea ninao mmoja. Wa pili tafuteni.

Babu yenu,
bwana misitu mstaafu