Usiioshe Chupa Tupu: Tunavyotafuta Manukato Yaliyoacha Kutengenezwa

Wateja wetu wengi huja na chupa tupu. Wameitunza miaka kwa sababu kifuniko bado kinanukia, na ombi lao ni moja: "Nitafutieni hii hii."

Kwanza tunaomba picha ya kitako cha chupa na ya kasha lake, kama lipo. Pale kuna namba ndogo za toleo, na hizo zinatusaidia kuliko jina la mbele, kwa sababu jina hubaki huku kilichomo kikibadilishwa kimyakimya. Mitsouko, manukato ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain, ilitoka mwaka 1919 na hadi leo inauzwa. Ile ya zamani ilibeba kwa wingi dondoo ya kuvumwani, ile inayoota juu ya magome ya mialoni. Ndani ya dondoo hiyo mna atranoli na kloroatranoli, zinazowaletea baadhi ya watu mzio wa ngozi. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku, na tangu Agosti 2021 bidhaa zenye viambato hivyo haziruhusiwi madukani kwake. Lilial, kemikali iliyotoa harufu ya maua katika manukato mengi, ikafuata Machi 2022. Kwa hiyo ukihisi chupa mpya "si yenyewe", pua yako haikudanganyi.

Kulinganisha kunahitaji subira. Manukato ya zamani yakinyunyizwa, dakika za mwanzo yanaweza kunuka kama rangi ya kucha, na wengi huyakataa hapo hapo. Msifanye hivyo! Harufu za limau na bergamoti, tunda la jamii ya machungwa, huchakaa mapema. Miski, sandali na kuvumwani hudumu. Sisi tunanyunyiza toleo la zamani kwenye kipande kimoja cha karatasi na jipya kwenye kingine, tunaandika saa kwa penseli, tunaviweka mbalimbali. Tunarudi baada ya saa nne. Hukumu tunaitoa wakati huo, kisha tunarudia kwenye ngozi.

Kasha lisilofunguliwa si dhamana. Chupa iliyokaa miaka dirishani juani huharibika hata ikiwa imejaa, na iliyotumika nusu ikakaa kabatini gizani inaweza kuwa nzima kabisa. Ndiyo maana tunakupa mililita 1 uijaribu kabla hujalipia chupa yote.

Na tafadhali, usiioshe chupa yako tupu. Tone lililokauka chini yake ndilo tunalolinganisha nalo.